Mlio Kutoka Kwenye Matimba

Kila asubuhi kabla ya shule, Melania alimsaidia mtafiti, Dada Apolonia, kuwafuatilia nyoka wa mitini katika ngitili, msitu mdogo uliohifadhiwa na kijiji chao karibu na machimbo ya Mwakitolyo. Kila nyoka alikuwa amewekewa kifaa kidogo cha kutoa mawimbi. Dada Apolonia alishika antena, Melania akavaa hedifoni. Mlio ulipokuwa mkali, nyoka alikuwa karibu.

Wachimbaji walihitaji miti hiyo kwa ajili ya matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke. Kijiji kilikuwa kimekubali kutoikata maadamu nyoka hao waliishi humo. Sasa alibaki mmoja tu.

"Redio yenu leo inapiga wimbo gani?" alitania Donatus, mchimbaji kijana, akielekea shimoni.

"Ungeusikia ungekimbia, kaka," Melania alimjibu.

Antena ilipoelekezwa kwenye ngitili, Melania hakusikia kitu. Ilipogeuzwa kwenye rundo la matimba kando ya shimo, mlio ukawa mkali. Nyoka wa mwisho alikuwa amehama msituni. Mzee Mayala, mwenyekiti wa ngitili, alikuwa akisubiri jibu.

"Ng'wana wane, mwanangu, yumo?"

"Yumo, babu. Juu ya mti ule."

Mzee aliridhika. Ndipo Melania alipomwona Donatus akiinama kubeba gogo la kwanza.

"Kaka Donatus, acha! Usiguse! Nyoka yumo humo kwenye matimba!"

Donatus aliruka nyuma. Dada Apolonia alilisogeza gogo kwa fimbo ndefu. Nyoka wa kijani alikuwa amejiviringisha pale pale ambapo mkono ungeshika.

"Sumu yake huvujisha damu mpaka mtu anakufa," alisema Dada Apolonia. Donatus hakutania tena.

"Basi ngitili haina nyoka," alisema Mzee Mayala kwa sauti ya chini. "Tulikubaliana."

"Dada, si umrudishe?" Melania aliomba.

"Amehama mwenyewe. Nikimrudisha, nami nitakuwa nimedanganya."

Jioni misumeno ilinguruma. Melania alilia. "Ningenyamaza, miti ingebaki."

"Pengine. Na leo tungekuwa msibani kwa akina Donatus." Dada Apolonia alikaa kando yake. "Sitakufariji kwa maneno matupu. Miti hii haitarudi, na kazi yangu hapa imekwisha. Lakini uongo wako ulidumu kitambo kidogo tu, na tayari mkono wa mtu ulikuwa karibu na nyoka. Sema ulichosikia, Melania, hata kikikuumiza."