Simu Si Barua ya Ajira

Mimi ni fundi wa nguo. Duka langu lina mlango mmoja, cherehani mbili na meza ya kukatia. Nyuma yake kuna chumba na sebule, na humo tunaishi mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka minane. Asubuhi mimi hufungua duka, binti huenda shule, na mke wangu huenda chuo kikuu. Haendi kusoma. Anafundisha.

Anafundisha takwimu, mwaka wa kwanza. Amefundisha zaidi ya miaka sita. Mtaani wanamwita Profesa. Yeye hucheka na kusema cheo hicho kapewa na muuza mboga, chuo chenyewe hakina habari.

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Mke wangu hakuwa mwalimu wa kudumu. Kila muhula ulipokaribia, mkuu wa idara alimpigia simu. Alimwambia aje Jumatatu, darasa ni lilelile, barua itafuata. Mke wangu alikwenda. Mara nyingine barua ilifuata, ya mkuu huyohuyo, muhula ukiwa ukingoni. Mara nyingine haikufuata kabisa. Hatukuuliza. Tulidhani mahali penye wasomi wengi vile hapawezi kukosea jambo dogo kama hilo.

Muhula mmoja akaugua. Alipasuliwa tumbo, akalazwa, kisha akapumzika nyumbani wiki mbili. Mimi mwenyewe nilipeleka cheti cha daktari kwa mkuu wa idara. Aliniambia tusiwe na wasiwasi, afya kwanza. Mke wangu aliporudi darasani alikuta mtu mwingine amesimama mbele ya ubao. Mtu huyo hakuwa na kosa. Naye alikuwa amepigiwa simu.

Mke wangu akaenda ofisi ya utumishi. Afisa alitafuta jina lake kwenye kompyuta, akatafuta na kwenye kabati la majalada. Halikuwemo. Akamweleza kwa upole kwamba chuo hakikumfukuza, kwa sababu muhula huo hakikuwahi kumwajiri.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakulia. Nilitamani angelia.

"Miaka sita," alisema. "Kumbe sijawahi kuwapo."

Damu ilinichemka. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata oda ya chuo hichohicho, kushona majoho arobaini ya wahitimu. Juu ya meza yangu kulikuwa na karatasi tatu zenye mihuri. Ziliandikwa idadi, aina ya kitambaa, siku ya kuanza na siku ya kukabidhi. Chini kulikuwa na saini ya mkubwa wao na saini yangu. Kwa nguo ya kuvaliwa siku moja nilipewa karatasi tatu. Aliyewafundisha wavaaji alipewa simu. Nilizitazama zile karatasi nikaona aibu, ingawa aibu haikuwa yangu.

Jirani yetu mmoja ni mama mstaafu. Alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya utumishi ya chuo kingine, na mtaa mzima tunamwita Bi Jalada. Jioni ile alileta gauni lipunguzwe urefu, akatukuta tumenuna. Tukamsimulia yote. Hakutupa pole. Alimgeukia mke wangu.

"Mwanangu, nani alikuajiri?"

"Mkuu wa idara, mama."

"Hana uwezo huo. Yeye anapendekeza tu. Anaandika kwamba idara inahitaji mwalimu wa somo fulani. Ofisi ya utumishi inakagua vyeti vyako na kukufungulia jalada. Kisha mwenye mamlaka ya kuajiri anatia saini barua. Hapo ndipo unakuwa mwalimu wa chuo. Kabla ya hapo wewe ni mtu mwenye chaki."

Mke wangu alisema alidhani hana haki ya kudai, maana yeye si wa kudumu. Bi Jalada akavua miwani.

"Nani kakudanganya? Wa kudumu ana barua ya kudumu. Wa mkataba ana barua ya mkataba. Na chuo chenu kina kanuni za ajira, zimeandikwa. Kaziombe uzisome."

Nilichukua karatasi ya kukatia mitindo nikaandika alichotueleza. Barua itaje cheo chake na masomo atakayofundisha. Itaje malipo, na nani atamsimamia na kumpima kazi yake. Itaje siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Hapo Bi Jalada aligonga meza kwa kidole. Siku ya kumaliza ifike hadi mitihani isahihishwe, maana kusahihisha nako ni kazi. Iseme pia mwalimu akiugua inakuwaje, na kabla ya mkataba kwisha ataambiwa lini kama utaendelea au hautaendelea. Asome yote kwanza, ndipo asaini, na nakala moja abaki nayo.

"Na asianze kazi kabla," alimalizia. "Hapo ndipo mnapokosea wote. Mnaanza kwanza, mnadai baadaye. Ukishaanza, nani atakuharakishia?"

Mke wangu aliziomba kanuni, akazisoma siku tatu. Siku ya tatu alinisomea mstari mmoja mara mbili: hakuna mwalimu atakayeanza kufundisha kabla ya kupewa barua ya uteuzi. Ilikuwa kanuni ya chuo chenyewe. Akamwandikia mkuu wa idara kwamba muhula ujao hataanza bila barua, nakala akaipeleka ofisi ya utumishi, na zote mbili zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hakujibiwa.

Muhula ukapita, likizo nayo ikaisha. Jumamosi mchana simu ikalia. Alikuwa mkuu wa idara, na maneno yaleyale: njoo Jumatatu, barua itafuata.

"Nitakuja," mke wangu alisema. "Lakini barua isipokuwepo, sifundishi."

Mkuu wa idara alicheka. Alimkumbusha kwamba wanaoitaka nafasi ile ni wengi. Simu ilipokatika, mke wangu aliusoma tena ule mstari wa kanuni. Mimi, niseme kweli, niliogopa. Nilimshauri aanze tu, tutadai taratibu.

Alinitazama. "Wewe unakata kitambaa cha mtu bila kuchukua kipimo?"

Nikarudi kwenye cherehani.

Jumatatu ile nilikuwa napeleka majoho. Stoo ya chuo inatazamana na ukumbi wa mihadhara, na madirisha yalikuwa wazi. Mtunza stoo alikataa kupokea hata joho moja kabla ya kuona karatasi zangu. Nikampa, akaanza kuhesabu, mimi nikatazama dirishani.

Mke wangu aliingia, akawasalimu wanafunzi, akakaa benchi la mbele katikati yao. Wanafunzi mia mbili wakangoja. Mmoja akauliza kama hawaanzi.

"Mimi niko tayari," alijibu. "Chuo ndicho hakijawa tayari. Mwalimu anaajiriwa kwa barua, na yangu haijaandikwa."

Akafungua kitabu, akasoma kimya. Punde mkuu wa idara akafika, jasho linamtoka. Akamwomba watoke nje wazungumze. Mke wangu akasimama kwa adabu, lakini hakutoka.

"Unanidhalilisha mbele ya wanafunzi," alisema mkuu.

"Sijakutukana, mkuu. Kanuni inasema nisifundishe bila barua. Mimi naitii. Unaniagiza niivunje?"

Mkuu akasema basi atamwita mwingine.

"Mwite. Ila naye mpe barua kwanza."

Mkuu akaondoka mbiombio. Baada ya saa nzima, majoho yamekwisha kupokelewa nami bado nimesimama dirishani, akaja afisa utumishi na bahasha. Nilishusha pumzi. Mke wangu akaisoma barua yote, mstari kwa mstari, kisha akairudisha.

"Inaisha siku ya kipindi cha mwisho," alisema. "Mitihani mia mbili atasahihisha nani?"

Nilitaka kupiga kelele achukue tu. Afisa aliitazama ile barua, akatikisa kichwa, akakiri kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akaondoka nayo. Darasa likaahirishwa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Mke wangu alipika, akafua, akamsaidia binti yetu hesabu, na kila simu ilipolia sote tulishtuka. Hakuna aliyeitaja kazi. Alhamisi asubuhi akaitwa ofisi ya utumishi. Barua ilikuwa na kila kitu, hadi jambo la kuugua. Alisaini nakala mbili, moja akaiweka kwenye mkoba, akaenda moja kwa moja ukumbini kufundisha. Jalada lake lilifunguliwa siku hiyo, baada ya miaka sita.

Habari zikaenea. Jumapili walimu kumi na mmoja wa mkataba walijazana dukani kwangu, wengine wamekaa juu ya majora ya vitambaa. Bi Jalada akawafundisha huku akiwakaripia kama watoto wake. Muhula uliofuata wote kumi na wawili walikataa kuanza bila barua. Barua zilitoka wiki moja kabla ya masomo. Mkuu wa idara sasa huandika mapendekezo yake mapema, na nasikia husema utaratibu huo aliubuni yeye. Na aseme.

Mke wangu bado si mwalimu wa kudumu. Mkataba wake wa sasa ni wa mwaka mmoja, na unaweza kwisha usirudiwe. Tunalijua hilo na hatujidanganyi. Lakini ukiisha, itakuwa kwa tarehe iliyoandikwa, kwa sababu iliyotajwa, na kwa saini ya mtu tunayeweza kwenda kumuuliza. Hawatamwambia tena kwamba hakuwahi kuwapo.