Aliyeita Kama Tai

Uvumi ulianzia kwa wauza samaki pale soko la Kibuye, ukapitia kwa wauza nyanya, na ulipofika kwenye safu ya mafundi wa cherehani ulikuwa umeshanona. Ati Milka, yule mtoto mwembamba wa Beldina muuza samaki, si mtoto hivi hivi. Ati ana kitu cha ziwani ndani yake. Kule kwenye kambi ya watoto ya Dunga aliwaita wenzake kwa sauti ya ndege ili kiboko awamalize.

"Na mguu wa mtoto mmoja ukavunjika kah! kama muwa," mteja mmoja alieleza, mikono juu, akipimwa kifua. "Mimi wangu nimewakataza kucheza na yeye. Hata mferejini akija, tunampisha achote peke yake."

"Mungu atuhurumie," alisema Elsie, fundi mwenyewe, pini mdomoni. "Kageha, si wewe ulikuwa mwalimu huko? Ni kweli aliita?"

Kageha, binti yake, alikuwa anashona vifungo. Sindano ikamchoma kidole.

"Sijui, Mama."

Alijua. Kisumu nzima watu wawili tu walijua ni nani aliyeita siku ile, na mmoja wao alikuwa yeye. Akaweka kidole mdomoni kama anayenyonya damu, kumbe anajiziba.

Mambo yenyewe yalianzia hapo hapo penye cherehani, mwezi wa saba mwaka wa sabini na nne. Jumapili moja, soko limefurika watu waliotoka kanisani, akatokea kijana mrefu mwenye afro iliyochanwa ikasimama, suruali ya bugaluu rangi ya maziwa iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vyenye soli nene. Alikuwa anatembea kinyumenyume. Mkono mmoja umeshika gazeti, na gazeti limefunika makalio.

"Dada, mama fundi yuko?"

"Ameenda kununua uzi. Una shida gani huko nyuma?"

"Shida ni ya faragha."

"Basi ngoja arudi ukiwa umeangalia ukuta."

Wanawake wa jirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Suruali ilikuwa imepasuka alipokuwa akishuka kwenye lori. Kageha akamfunga leso kiunoni kama bibi harusi, akamketisha kwenye debe, akaishona palepale. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye ukosi mweupe alilojikatia mwenyewe, na kijana hakuona kitu kingine sokoni siku hiyo.

"Naitwa Wabwire. Kwetu ni Samia," alisema. "Nafanya kazi na watu wa wanyama. Agosti tunafungua kambi Dunga, watoto wa shule za mjini waje wajifunze kiboko, swala, kenge, ndege wote. Watoto wa hapa wanajua mbuzi na mbwa tu, dada."

"Na mimi najua mbuzi na mbwa tu."

"Tunatafuta mwalimu msichana. Umemaliza fomu foo?"

"Nimemaliza. Kwani hiyo kazi inataka nini?"

"Mtu asiyecheka wenzake wakipasukiwa."

"Basi mimi sifai," Kageha akasema, na wote wawili wakacheka.

Mwezi wa nane ulipofika alikuwa Dunga, kofia ya ukindu kichwani, filimbi shingoni. Mkuu wa kambi alikuwa Bwana Nicodemus, mwalimu mstaafu mwenye kaptura iliyopigwa pasi ikakata. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya tai. Pale ziwani kuna tai mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake haifanani na ya mwingine, inapanda halafu inavunjika kama kicheko. Walimu walifundishwa kuiga kwa viganja viwili. Watoto walifundishwa jambo moja tu: ukisikia mwalimu anaita kama tai, acha unachofanya, mkimbilie anayeita. Usiulize. Inaweza kuwa nyoka, inaweza kuwa moto, inaweza kuwa kiboko ametoka majini.

"Hiyo sauti si mchezo," Bwana Nicodemus alisema. "Anayeichezea namrudisha kwao."

Walifanya mazoezi asubuhi na jioni, mpaka hata mtoto aliyekuwa chooni alitoka mbio ameshika kaptura. Milka, wa kundi la Korongo, ndiye aliyekuwa fundi wa sauti. Aliiga kunguru, akaiga chura, akaiga hata kikohozi cha Bwana Nicodemus, naye mzee akageuka kutafuta nani anamkohoa. Kila mtu alimpenda.

Na huko huko, katikati ya hema na mafunjo, Kageha na Wabwire wakapendana. Sisi wazazi tunadhani kijana aliyepewa watoto wa watu kuwalinda amekua. Kumbe ni kijana tu.

"Kageha wangu, nikuite vipi wazee wasijue?" Wabwire aliuliza jioni moja wakiosha sufuria.

"Usiniite. Nitakuja mwenyewe."

"Hutakuja. Unaogopa hata chura." Akakunja viganja, akaita kama tai, polepole, kwa pumzi tu. Kageha akamrushia maji, lakini alikuwa anacheka, na kesho yake naye akajibu vivyo hivyo. Ikawa sauti yao. Wakaificha chini ya vicheko, wakidhani chini ya vicheko hakuna anayesikia.

Siku ile watoto walikuwa wamelala baada ya chakula cha mchana. Wabwire alikuwa ametumwa mjini kuleta unga. Kageha ndiye aliyekuwa zamu. Alipita kwenye mahema, akamwona Milka amelala mlangoni mwa hema la Korongo, mdomo wazi, nzi anatembea shavuni. Akamfukuzia nzi. Kisha, kutoka kwenye mafunjo, akasikia tai.

Wabwire alikuwa amerudi mapema, na safari hii hakuita kwa pumzi. Aliita kwa furaha, kwa nguvu.

Kageha alifanya nini? Aliingia hemani kwake akatafuta kioo. Akafunga kitambaa cha kichwa upya, akapaka midomo mafuta. Aliposikia vishindo vya miguu alidhani ni mbuzi wa wavuvi. Alipotoka, hema zilikuwa tupu. Watoto wote walikuwa wameshafika njia ya viboko, wanamkimbilia anayeita kama walivyofundishwa, na mbele yao kiboko jike alikuwa anapanda kutoka majini na mtoto wake.

Hakuna aliyekufa. Jina la Mungu litukuzwe. Kiboko alipita katikati yao kama gari lisilo na breki, na mtoto mdogo aitwaye Enos akatumbukia kwenye shimo la unyayo wa kiboko, mguu ukavunjika mara mbili. Wabwire alitokea upande wa barabara na gunia la unga begani, kama mtu ndiyo kwanza anafika.

Bwana Nicodemus akawapanga watoto mstari. "Nani ameita?"

Watoto wakatazamana. Halafu sauti ndogo ikasema, "Mwalimu, anayejua kuita ni Milka."

"Si mimi!" Milka alilia. "Mimi nilikuwa nalala. Mwalimu Kageha alipita. Mwalimu, si uliniona? Sema uliniona!"

Kageha akamtazama Wabwire. Wabwire alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sikuona," Kageha akasema.

Neno moja tu. Milka alirudishwa kwao Nyalenda jioni hiyo hiyo, sanduku lake dogo kichwani, bila kuimbiwa wimbo wa kuagwa.

Wabwire alipata kazi ya wanyamapori Homa Bay, aliyokuwa anaiomba tangu mwaka juzi. "Nyamaza tu, mpenzi, itapoa," alimwambia kabla ya kwenda. Kageha hakumsindikiza. Aliona kijana ameipenda kazi kuliko yeye na kuliko haki ya mtoto. Wabwire naye, alipomkosa kwenye kituo, aliona amedharauliwa. Ikawa kimya hapa na kimya kule.

Lakini uvumi haukunyamaza. Kageha alikwenda mezani kwa Beldina akiwa na maneno tayari, akafika, akasema, "Nipimie ngege." Akarudi tena, akanunua omena. Nyumbani walikula samaki mpaka Elsie akauliza, "Mwanangu, kwani umeolewa na ziwa?"

Mara ya mwisho alimkuta Milka chini ya meza ya mama yake. Zamani alikuwa anaruka kamba na wenzake pale kwenye uwazi. Sasa wenzake waliruka, yeye aliwahesabia kutoka chini ya meza, kimoyomoyo, midomo tu ikicheza.

"Haongei sana siku hizi," Beldina alisema, akifunga samaki kwenye gazeti. "Wewe mwalimu wake, niambie. Nimpeleke kanisani aombewe? Wanasema ana juogi, pepo wa ziwani. Mimi sijui tena, nyathina, mwanangu. Usiku namwangalia akilala, namwogopa mtoto wangu."

Kageha aliwaacha samaki pale pale mezani, akaenda moja kwa moja posta.

Simu ya Homa Bay ilikuwa inakwaruza kama kuku kwenye mchanga.

"Ongea, Homa Bay iko," opereta akasema.

"Wabwire?"

"Kageha! Ni wewe kweli? Mpenzi, nimekaa nikifikiri..."

"Usiniite mpenzi. Beldina anamwogopa Milka. Mama mzazi, Wabwire. Jumapili naenda kusema."

Laini ikakwaruza. "Wakijua, nafukuzwa siku hiyo hiyo."

"Najua."

"Na wewe utachekwa Kibuye nzima. Watasema tulikuwa tunafanya nini kwenye mafunjo."

"Watasema. Na wameshasema mabaya zaidi juu ya mtoto wa miaka kumi."

"Uliposema 'Sikuona,'" Wabwire akasema polepole, "nilijua unanikinga. Nikaona haya hata kukutazama."

"Sikukukinga wewe. Nilijikinga mimi, nisionekane nilikuwa kwenye kioo. Ndiyo sababu sikuja kukusindikiza. Si dharau. Nilikuwa naona haya." Akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili. "Ukija, umekuja. Usipokuja, nitasema la kwangu peke yangu."

"Dakika zimekwisha," opereta akasema, kisha, kwa sauti ya chini, "Dada, sema tu."

Jumapili soko lilijaa. Kageha alivaa lile gauni la bluu lenye ukosi mweupe. Akasimama mbele ya meza ya Beldina.

"Leo unataka gani? Mbiru iko," Beldina akasema.

"Sitaki samaki, Mama Milka. Mtoto wako hakuita. Nilimwona amelala. Niliona na macho yangu, na nikasema sikuona."

Wanawake wakageuka. "Anasema nini huyo?" "Anamtetea kwa sababu ni mwanafunzi wake." "Kama si mtoto, nani basi? Wewe?"

"Tulikuwa tunaitana hivyo. Mimi na mtu wangu. Sauti ya watoto ya hatari, sisi tuliigeuza ya mapenzi."

"Uongo!" mmoja akacheka. "Hebu ita tusikie!"

Kageha akakunja viganja. Akaita. Ilitoka nyembamba, ikakatika katikati, na watu wakacheka. Akaita tena, mashavu yanawaka moto kwa aibu.

Ndipo kutoka kwenye safu ya mafundi ikajibiwa. Kubwa, safi, inapanda halafu inavunjika. Wabwire alikuwa amesimama karibu na cherehani ya Elsie, vumbi la safari mpaka kwenye nywele, viganja mdomoni.

Na watoto wakaja. Hakuna aliyewaita kwa majina. Mmoja aliacha kikapu cha mama yake cha nyanya, mwingine akachomoka kwenye foleni ya maandazi, wawili wakapita chini ya meza za nguo. Watoto wa kambi, wote waliokuwa sokoni siku hiyo, walimkimbilia Wabwire wakajipanga mstari mbele yake, wanahema, wanangoja kuambiwa hatari iko wapi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

"Hatari ni mimi," Wabwire aliwaambia, na sauti haikumtoka vizuri. "Siku ile pia ilikuwa mimi. Rudini kwa mama zenu."

Elsie alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakikata. Beldina hakumtazama Wabwire hata kidogo. Alimtazama Kageha. "Mimi usiniombe msamaha. Aliye chini ya meza ndiye."

Kageha akapiga magoti kwenye magamba ya samaki. Milka alikuwa amekaa amekumbatia miguu. Tai alipoita, yeye hakukimbia. Alikuwa ameziba masikio.

"Milka, nilikuona umelala. Nilikufukuzia nzi shavuni. Nilisema uongo."

Mtoto akatoa vidole masikioni.

"Kwa hivyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe."

"Nilidhani labda niliita nikiwa usingizini."

Hapo ndipo Kageha alipolia, si kabla. Beldina aliinama, akamtoa mtoto wake chini ya meza, akamweka mgongoni kama mtoto mchanga, mkubwa vile alivyokuwa, akaondoka naye bila kufunga biashara.

Wabwire alifukuzwa Homa Bay. Alirudi akafungua banda la kutengeneza baiskeli Otonglo, na hapo, mikono imejaa grisi, akamwuliza Kageha kama anaweza kumvumilia mtu asiye na kazi ya serikali.

"Wewe unaweza kumvumilia mtu aliyesema sikuona?"

"Tutavumiliana."

"Basi njoo kwa Mama. Na uje na suruali nzima."

Walioana Desemba. Milka alikuja, akala wali, lakini alipoombwa aige ndege hata mmoja akatikisa kichwa. Mpaka leo wako wanawake Nyalenda ambao, akifika mferejini, huwavuta watoto wao pembeni. Ukiwauliza kwa nini, hawakumbuki vizuri.

Basi ninyi mnaopewa watoto wa watu, na hasa mkiwa mnapendana, epukeni haya:

Kuchezea sauti, filimbi au ishara mliyowafundisha watoto kwa ajili ya hatari.

Kujificha na mpenzi saa ya zamu.

Kioo, saa ya zamu.

Kumtii mpenzi anayesema nyamaza, itapoa.

Kumwachia mtoto kosa la mkubwa, hata kwa siku moja.

Kusema sikuona, na uliona.