Programu ya Edvina na Kibanja cha Mzee Ishengoma

Edvina alikuwa jikoni akimenya ndizi. Mawazo yake yalikuwa mbali. Kisu kiliteleza, akajikata kidole.

"Una nini tangu jana?" aliuliza baba yake, Mzee Ishengoma, akiwa mlangoni.

"Sina kitu, Tata."

Waliishi Buganguzi, wilaya ya Muleba, na walilima migomba na kahawa. Edvina alisomea kompyuta, kisha akarudi nyumbani. Alitengeneza programu ya simu ya kupokelea kahawa. Karani aliingiza kilo za mkulima kwenye simu, na mkulima alipata ujumbe papo hapo. Kikundi cha wakulima kiliipenda. Ugomvi kwenye mizani ulipungua.

Sasa Haruni, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukoba, alitaka kuinunua. Alileta mkataba, akasema kesho atafuata sahihi ya Edvina na ya baba yake. Mkataba ulisema programu yote ni mali ya Edvina peke yake. Haruni akishainunua, mtu mwingine haruhusiwi kuitumia. Mtu akijitokeza kuidai, Edvina atalipa hasara. Dhamana ilikuwa kibanja cha baba yake, shamba la migomba alimozikwa babu.

Edvina aliweka kisu chini.

"Tata, usitie sahihi. Programu si yangu yote."

Mzee Ishengoma alikaa. "Uliiba?"

"Hapana! Sehemu kubwa niliikuta mtandaoni. Wenyewe waliiweka wazi, kila mtu aitumie. Mimi nikaongeza mambo ya kahawa."

"Kama waliiweka wazi, basi ni yako."

"Nilidhani hivyo. Lakini ilikuja na leseni, na sikuwahi kuisoma. Nimeisoma jana. Ina masharti, na siyaelewi vizuri."

Mzee aligeuka kuitazama migomba nje. "Kibanja hiki sikukinunua," alisema. "Niliachiwa. Nikikipoteza, wadogo zako watakaa wapi?"

Edvina alimpigia Haruni simu na kumwomba asubiri.

"Mmepata mnunuzi mwingine?" Haruni aliuliza kwa ukali.

"Hapana. Nataka kwanza kumwona wakili."

Haruni alikata simu. Edvina hakula siku hiyo.

Asubuhi baba na binti walikwenda Bukoba kwa wakili Maimuna. Maimuna alimwamkia mzee, akasoma mkataba, kisha akasoma leseni. Edvina alimtazama usoni, lakini uso ule haukumwambia kitu.

"Nitafungwa?" aliuliza.

"Hujauza kitu bado," Maimuna alisema. "Sikiliza. Hii ni programu huria. Huria haina maana kwamba haina mwenyewe. Walioiandika bado wana hakimiliki. Leseni ni ruhusa yao kwako, na ruhusa hiyo ina masharti."

"Masharti gani?" aliuliza mzee.

"Leseni hazifanani, mzee wangu. Nyingine zinataka tu majina ya waandishi yasifutwe. Hii inataka zaidi. Ukimpa mtu programu, umpe pia msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha. Naye awe na haki ya kuibadilisha na kuwapa wengine."

"Niliyoyaandika mimi je?"

"Hayo ni yako. Lakini umeyaunganisha na ya wenzako, kwa hiyo ukiitoa programu nzima, inatoka kwa leseni ileile. Kuuza nakala unaruhusiwa. Kumwahidi Haruni kwamba ni yake peke yake, huwezi. Mkataba huu ungekufanya useme uongo."

Edvina aliinamisha kichwa. "Kikundi chetu sikukipa msimbo. Na majina ya waandishi niliyaondoa. Niliona yanajaza nafasi."

"Yarudishe leo. Msimbo uwape. Kisha mweleze Haruni ukweli."

Walipofika ofisini kwa Haruni, Edvina aliuweka mkataba mezani. Alieleza yote. Haruni alisimama.

"Kwa hiyo mlitaka kuniuzia mali ya watu?"

"Ndiyo maana nimekuja kabla hujalipa," Edvina alisema. "Programu unaweza kuitumia. Ninachoweza kukuuzia ni kazi yangu. Nitaiweka kwenye simu za makarani wako, nitawafundisha kuitumia, na ikiharibika nitaitengeneza."

"Nitafikiri," Haruni alijibu, akafungua mlango watoke.

Wiki nzima hakupiga simu. Mzee Ishengoma hakumlaumu binti yake, lakini kila simu ilipolia aligeuza kichwa. Edvina alirudisha majina yote na kuuweka msimbo wazi mtandaoni.

Hatimaye Haruni alikuja mwenyewe, na mkataba mpya. Ulikuwa wa kazi ya Edvina tu. Maimuna aliusoma, akaukubali. Haukutaja kibanja.

Miezi michache baadaye, kikundi cha kahawa cha Kishanda nacho kilianza kuitumia programu ile. Karani wao, Joyness, aligundua kwamba inakosea kujumlisha mkulima akileta kahawa mara mbili kwa siku. Edvina hakuwa amelijua kosa hilo. Joyness, ambaye naye alisomea kompyuta, aliufungua msimbo, akalirekebisha, akamtumia Edvina marekebisho.

Edvina aliyajaribu. Hesabu ilikuwa sahihi. Kisha akafungua orodha ya waandishi, na chini ya jina lake akaandika la Joyness.