Taa Nyekundu kwenye Mashine ya Kusaga

"Hivi mashine yenu inachagua misiba?"

Mzee Lwakatare aliuliza hivyo mbele ya foleni nzima, na Kezia akahisi masikio yanamwaka moto.

Kezia alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alipotoka shule alimsaidia mama yake, mjane, kwenye mashine yao ya kusaga hapo Hamugembe, Bukoba. Baba yake hakuwaachia kitu kingine. Ilikuwa miaka ile ukimwi ulipoanza kutumaliza. Misiba ilifuatana, na waombolezaji walipaswa kula. Siku hiyo mama alikwenda kumwogesha mgonjwa, akamwachia Kezia kazi.

Mzee Lwakatare, jirani yao, alikuwa amefiwa na mdogo wake. Alileta mahindi kwa baiskeli, mvua ikamkuta njiani. Kezia alipoyamimina, mota ilinguruma kwa shida, kisha kengele ikalia. Taa nyekundu ikawaka kwenye stata, lile boksi la chuma linaloianzisha mota polepole, na mota ikazimika yenyewe. Kezia akazima swichi kuu.

"Washa tena, mjukuu wangu. Bonyeza hicho kitufe. Watu wana njaa."

"Siwezi, waitu," Kezia alijibu, kwa neno la heshima la Kihaya. "Fundi Ildefons alisema taa hii ikiwaka tusiwashe mpaka tujue mota ina shida gani. Tukiilazimisha itaungua."

"Basi mwite huyo fundi!"

"Yuko Muleba mpaka kesho."

"Ehee, tumepata afisa wa umeme!" Paskazia, mmoja wa wateja, alicheka kutoka kwenye foleni.

Mzee akanyoosha mkono. Kezia akasimama mbele ya boksi. Hakuwahi kumkatalia mtu mzima.

"Nisamehe, waitu. Mota hii ikiungua, hatuna nyingine."

Ndipo mzee alipouliza lile swali. Mama alilisikia akiwa mlangoni.

"Umebonyeza?" alimwuliza Kezia.

"Hapana, mama. Nimezima swichi kuu."

Mama akachukua spana, akafungua kifuniko cha mashine. Ndani, mahindi yaliyolowa yalikuwa yameganda kama ugali, yamekaba nyundo za kusagia. Akachota kidogo, akamwekea mzee kiganjani.

"Yamelowa, Mzee Lwakatare. Nyundo zilikwama, mota ikawa inahangaika bure."

Walisafisha mpaka nyundo zikazunguka kwa mkono. Mama akafunga kifuniko, akawasha swichi kuu, akabonyeza kitufe. Taa ikazimika, mota ikaanza taratibu, ikachanganya.

"Kezia," mama alisema, "kengele hii si adui yetu. Inapiga kelele wakati bado tunaweza kuokoa kitu. Kuizima tu si kutengeneza. Kwanza tafuta kilichoiliza. Na mtu mzima akikuharakisha, mjibu kwa adabu, kama ulivyofanya, lakini usikubali."

Kisha akaingia ndani, akatoka na debe la unga wao mkavu, akalitua mbele ya mzee.

"Pikeni huu. Msiba ni wetu sote. Mahindi yako tutayaanika."

Mzee Lwakatare alitazama mabaki ya yale mahindi kiganjani. Akajifuta kwenye suruali, akamgusa Kezia kichwani. Halafu akajitwika debe, akaelekea msibani.