Jeneza la Ndui

ALHAMISI, BAADA YA ALASIRI

Chumba cha uani kwa Mwanaharusi kilinuka mafuta ya nazi na jasho la wapagazi waliolala humo jana yake. Mlango ulikuwa umekomewa. Abdala alichuchumaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu: ghala la tajiri, msikiti, makaburi, njia panda.

"Kesho," akasema. "Watu wakiingia sala ya Ijumaa, na sisi tunaingia ghalani. Wakitoka, sisi tumeshatoka. Pembe za ndovu zinalala kwenye jeneza, shuka juu. Mwanaharusi analia kwamba maiti kafa kwa ndui. Nani atatusogelea?"

Bagamoyo ya wakati ule, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, ilikuwa imezika wengi kwa ndui. Neno lenyewe lilitosha kufagia barabara.

Abdala alikuwa kirongozi wa misafara ya bara, na kundi lake aliliendesha kama msafara. Kila siku baada ya alasiri walikaa. Kila mmoja alisema alichotumwa, alichofanya na kilichomshinda. Ukificha, unatoka.

"Wezi wengine hukamatwa kwa sababu kila mtu ana lake," alizoea kusema. "Sisi tuna moja."

Rehani alivipenda vikao vile. Alikuwa mtumwa wa tajiri, hamali wa ghala. Tangu azaliwe, watu walimwita kumtuma au kumpiga. Abdala alimwita kumsikiliza.

"Rehani?"

"Ufunguo aliofua Dadi nimeujaribu asubuhi. Umefungua."

Dadi, mhunzi mwenye maneno machache, akaitikia kwa kichwa.

"Yosefu?"

"Jeneza tayari. Chini nimeongeza mbao, lihimili." Yosefu alikuwa seremala, Mkristo wa misheni, mtumwa aliyekombolewa. Akainua macho. "Na wewe, Abdala? Jana ulikuwa wapi?"

Mwanaharusi aliacha kujipepea.

"Mpagazi hamuulizi kirongozi," Abdala akasema.

"Mimi nakuuliza."

"Nilikwenda Mlingotini kupatana na mwenye mashua." Abdala akacheka. Macho hayakucheka. "Umeridhika?"

ALHAMISI, MAGHARIBI

Kisimani Yosefu alimshika Rehani mkono.

"Kaongopa. Nilimfuata. Jana alitoka kwa jemadari wa Mabulushi, askari wa Sultani, mlango wa nyuma."

"Labda alikwenda kupeleleza."

"Anapeleleza huku anasindikizwa hadi mlangoni? Rehani, tunauzwa. Kesho pale njia panda tusishike ya Mlingotini. Tushike ya kulia, ya Makurunge. Nina watu huko. Tukikaza wawili, Dadi atatufuata."

"Na Mina?"

Mina alikuwa mkewe Rehani, mjakazi wa tajiri huyohuyo. Tajiri alikwisha kutamka kwamba atampeleka Pemba kwenye karafuu. Abdala aliahidi kwamba Ijumaa Mina atatoroshwa, amsubiri mumewe Mlingotini, wavuke pamoja. Kwa ahadi hiyo tu Rehani aliingia kundini.

"Mina tutamtafutia njia," Yosefu akasema. "Ila usimwambie mtu."

Rehani akakubali. Lakini hata nyumbani hakufika. Makurunge hakuna Mina. Na kanuni ya kikao ilikuwa moja: ukificha, unatoka. Kabla ya isha alikuwa barazani kwa Abdala, anamweleza yote, neno kwa neno.

Abdala alisikiliza mpaka mwisho. Akamwekea mkono begani.

"Wewe ndiye unayelishika kundi hili," akasema. "Nyamaza. Yosefu niachie mimi."

Rehani alirudi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

IJUMAA, ADHANA

Mohamedi, bawabu wa ghala, alitia udhu, akaenda msikitini. Barabara ikatulia.

Rehani akafungua. Giza. Harufu ya vumbi na mifupa mikavu. Walifanya kazi bila kusema. Pembe kubwa chini, ndogo katikati, majani makavu kuziba mapengo zisigongane. Shuka. Kamba. Dadi akafunga mlango nyuma yao.

Wakanyanyua. Mabega yalilia.

Kwenye kona Mwanaharusi akajitupa chini. "Ndui! Ndui imenimalizia mwanangu! Kaeni mbali!" Madirisha yakafungwa. Mwanamke mmoja aliacha kinu chake na kukimbilia ndani.

Walikaribia kuumaliza mji pale mzee mmoja alipotoka kwenye kibanda. Uso wake ulikuwa umejaa makovu ya ndui.

"Shikamoo, mzee," Rehani akasema.

"Marahaba. Nipeni bega nami nipate thawabu. Mimi ilinishika zamani, hainirudii tena."

Hawakuwahi kumkataza. Akaingia chini ya mti wa jeneza, mbele ya Rehani. Magoti yakamkunjika.

"Lahaula! Ni mtu mmoja huyu?"

"Alikuwa mnene, mzee," Abdala akasema.

"Ndui imuache mtu na unene huu?"

Hatua. Hatua nyingine. Kitu kiligonga ndani ya jeneza. Rehani akaanza kutoa shahada kwa sauti, na wenzake wakamwitikia, hata Yosefu. Mzee alitembea nao mpaka minazi ya mwisho, pumzi ikamwishia. Akajitoa, akabaki amesimama anawatazama.

NJIA PANDA, BAADA YA ADHUHURI

Kushoto Mlingotini. Kulia Makurunge.

Yosefu alivuta kulia. Jeneza likayumba. Alimgeukia Rehani, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalisubiri.

Rehani akavuta kushoto.

Dadi alikwenda na uzito ulikokwenda. Yosefu angeweza kulitupa jeneza na kukimbia. Hakukimbia. Aliinamisha kichwa, akakaza mwendo.

MLINGOTINI, KABLA YA ALASIRI

Walilitua kwenye ukingo wa mikoko.

"Yosefu, tangulia ukaitazame mashua," Abdala akasema.

Yosefu akaingia mikokoni. Bunduki ikalia. Ndege wakaruka wote kwa pamoja.

Mabulushi walitokea pande zote, panga nje. Dadi alikimbia hatua chache, akaangushwa. Rehani hakukimbia. Alikuwa anatafuta kanga ya Mina katikati ya miti.

Abdala alimwendea jemadari kwa miguu ya mtu anayerudi kwake. Wakashikana mikono.

"Tutasema pembe hizi zimezama baharini," jemadari akasema. "Tajiri atapata wezi wake, inatosha. Yule mwanamke aliyelia mjini, watu wangu waliobaki huko wanamkamata."

"Abdala," Rehani akaita. "Mina yuko wapi?"

Abdala alimtazama kama mtu anavyomtazama punda aliyefika na mzigo salama.

"Kila siku ulinipa hesabu yako, Rehani. Sijapata kuwa na mtu mwaminifu kama wewe."

"Nimekuuliza Mina yuko wapi!"

"Hata mimi nauliza," jemadari akadakia. "Ulisema na mjakazi atakuwepo, tumrudishie tajiri. Tangu asubuhi tupo hapa. Hatukuona mwanamke."

Uso wa Abdala ukabadilika. Alitazama mikokoni, akatazama njia waliyotokea.

Walimburuta Yosefu, paja linavuja damu, wakamfunga mgongo kwa mgongo na Rehani. Rehani alilia bila sauti, mabega yakimtikisika juu ya mabega ya mwenzake.

"Nilimwambia," akasema. "Jana. Nilimwambia yote."

"Najua. Niliona pale njia panda."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Ningekimbia, Abdala angeshtuka, wangerudi mjini kumsaka Mina kabla hajafika mbali." Yosefu alivuta pumzi kwa shida. "Mke wangu Marselina alimtoa alfajiri. Sasa hivi wako Makurunge, kwa ndugu zangu."

Rehani alijaribu kugeuka amwone uso. Kamba zilimkatalia.

"Alfajiri? Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Yosefu akasema. "Ungemwambia yeye."