Siku Mkwe Alipogeuka

Mbwa alikuwa amegeuka, uso wake ukitazama ndani ya nyumba.

Kwa mtu mwingine hilo si neno. Lakini mbwa wa mlima ule, wale wakubwa wenye manyoya ya tabaka mbili, ambao sasa wamebaki wa kuhesabu kwa vidole, hukupa mgongo. Akilala mlangoni, makalio yake huelekea kwako na macho yake huelekea nje, kwa kondoo na kwenye ukungu. Wageni huona dharau. Wenyewe wanajua kwamba hiyo ndiyo heshima yake yote, kwa kuwa hana shaka nawe. Ndiyo maana wafugaji wana sheria ngumu: mbwa akianza kutazama nyumba, kazi imemshinda, hufungiwa bandani.

Huyu aliitwa Mkwe, kwa kuwa haridhiki na mtu na haondoki. Ukimwita, hukaa kwanza akafikiri kama unastahili. Bibi mwenye nyumba, ambaye majirani walimpa jina la Bi Kitana, alimchana kila alasiri tangu Mkwe akiwa mtoto wa mbwa aliyelala katikati ya wanakondoo. Joto likizidi watu humshauri amnyoe.

"Kwani nyinyi jua likiwaka mnaezua paa?" huwajibu.

Alasiri ile Mkwe aligeuka mara tu binti wa Bi Kitana alipoingia. Binti alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alishuka mjini kupeleka sare, akamwachia mama yake mtoto wake anayenyonya. Sasa alikuwa amerudi mapema, na ukungu ulikuwa mzito. Mkwe akauacha mlango wa nje, akaenda kujilaza kwenye kizingiti cha chumba cha mtoto, akinguruma chini kwa chini.

"Mama, huyo mbwa ananitazama vibaya," binti alinong'ona. "Mtoe. Naogopa kumchukua mtoto naye yuko hapo."

Bi Kitana aliumia, lakini sheria ni sheria. Alimshika Mkwe shingoni, akamkokota hadi bandani, akaketi kumchana kwa mara ya mwisho. Manyoya ya ndani yalitoka kwa mafungu, laini, bila fundo. Ngozi ilikuwa na joto lake, meno yalikuwa mazima.

"Mbona hujazeeka wewe," alimwambia. "Unatazama nini?"

Mkwe alikuwa akiitazama nyumba.

Hapo ndipo Bi Kitana alipokumbuka kwamba sakafu ya mbao, ile inayolia hata paka akipita, haikulia binti alipoingia, na kwamba ile harufu aliyodhani ni ya pasi ilikuwa ya nywele zinazoungua, na kwamba binti yake, ambaye tangu utotoni hakupita mlango ule bila kumkuna Mkwe masikio, leo hakumtaja hata jina, na kwamba kule ndani mtoto, aliyekuwa akijisemesha peke yake muda wote, alikuwa amenyamaza.

Aliachia mkono. "Nenda."

Safari hii Mkwe hakukaa kufikiri.

Bi Kitana alipofika chumbani, yule mwanamke alikuwa ameinama, mikono imeshaingia chini ya mtoto, na nyayo zake hazikugusa ubao. Mkwe alijipenyeza kati yake na kitanda, akasimama.

"Mama," kilisema kile kitu kwa sauti ya binti yake, "mwanangu ana njaa."

Bi Kitana alisogea hatua moja mbele. Alikinyooshea kitana.

"Mchane mbwa kwanza. Ukimaliza, mchukue mtoto."

Kile kitu kilikitazama kitana. Kikanyoosha mkono polepole kuelekea shingo ya Mkwe, na Mkwe akabweka ile sauti ambayo mbwa hawa huiweka akiba mwaka mzima, vioo vya dirisha vikatikisika, na uso wa binti ukateleza kama nguo inayoanguka kwenye kamba.

"Nyumba hii ina mwenyewe," Bi Kitana alisema. "Mlima umejaa mapango. Kalale huko."

Hakuna mlango uliofunguka. Kilichobaki ni harufu tu, na mtoto aliyeanza kulia kwa hasira.

Binti alirudi jioni, umande umemlowesha hadi magotini, mbao zikilia chini ya miguu yake. Alimkuna Mkwe masikio kabla hata ya kumsalimu mama yake. Mkwe alimnusa, akaenda mlango wa nje, akajilaza, akawapa mgongo. Bi Kitana aliyatazama yale makalio makubwa, akalia kwa furaha bila haya.

Alikuwa bado anafuta machozi sauti ilipoita kutoka kwenye ukungu, karibu kabisa na uzio.

"Mama, nifungulie. Nimerudi."

Binti, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, alijiziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Bi Kitana alivuta kigoda, akaketi nyuma ya Mkwe, akaanza kumchana kuanzia shingoni.

"Karibu, mwanangu," aliita. "Mbwa yupo mlangoni."