Mfupa wa Gitaa la Damas

Mimi gitaa lile sikulipenda tangu siku ya kwanza. Jekundu, la bei ya kutupwa, na likipigwa kanisani linakoroma mpaka wazee wa viti vya mbele wanageuka. Lakini mume wangu Damas alishaamua kulipandisha hadhi. Leo kabadilisha nyuzi, kesho kaweka funguo mpya za kukazia, keshokutwa kang'oa zile sumaku zinazopeleka sauti kwenye spika, kaweka nyingine. Jamani, si bora angenunua jipya! Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kale kaplastiki ka shingoni kanakoshikilia nyuzi. Alitaka ka mfupa.

"Mfupa ndio unaotoa sauti, mama Ruthu," alisema.

Jioni moja akanituma kwa fundi Obedi, hapa hapa Chang'ombe, nikalichukue gitaa. Yeye alikuwa bado kazini. Nikambeba Ruthu mgongoni, nikaenda huku nalalamika peke yangu.

Obedi ni mtu wa utani, hakuachi upite hivi hivi. Siku ile hakunitania hata kidogo. Gitaa alikuwa ameliweka nje ya banda lake, ndani ya mfuko, zipu imefungwa.

"Mfupa huu Damas kautoa wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Bucha, au wapi tena?"

"Wa bucha naujua. Ukiupiga msasa unanuka kuungua. Huu unanuka maziwa." Akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. "Chukua, shemeji. Nenda nalo."

Nikasonya, nikaondoka. Sikufika mbali.

Harufu ilianza kidogo kidogo... Maziwa mabichi, yenye moshi wa kibuyu kilichofukizwa. Ruthu akaacha kuchezea nywele zangu, akanikaba shingo.

Halafu uzi mmoja ukalia.

Ndani ya mfuko. Peke yake.

Na chini ya mlio ule kulikuwa na sauti ya mwanamke, ya mbali, ya mtu anayeita kutoka zizini.

"Damas... weee, Damas..."

Sauti ile naijua. Ni ya mama mkwe wangu, bibi Germana. Tulimzika kijijini kwao Mlali, kiangazi hiki hiki.

Nilikimbia, sikuona aibu. Nilitaka kulitupa mtaroni, kweli nilitaka, lakini Damas alikuwa ameshafika, anakuja kunipokea njiani. Akalichukua mkononi mwangu kwa furaha.

"Usilipige," nilimwambia tulipoingia ndani. "Nakuomba kwa jina la Yesu, usilipige. Linaita."

"Linamwita nani?"

"Wewe."

Akacheka, akachomeka waya kwenye spika. Akapiga. Jamani, lilikuwa zuri! Halikukoroma hata kidogo, kila uzi unasikika safi, mpaka machozi yakanitoka na mimi mwenyewe sikujua ni ya woga au ya nini.

Kisha sauti ikatoka kwenye spika. Wazi kabisa.

"Damas..."

Kila mtoto hapa kwetu anafundishwa: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Damas anajua. Lakini yule alikuwa mama yake. Uso ukamlegea, akawa mtoto. Niliruka nimzibe mdomo...

"Naam, mama," akaitika.

Nilichelewa.

Nikampigia simu shemeji Matonya, kaka yake mkubwa aliyebaki Mlali. Nilipotaja mfupa, akanikatiza, akanieleza mwiko wao. Kwenye ukoo wao, ng'ombe wa matanga huliwa palepale uani, na mifupa yote huzikwa zizini kabla watu hawajatawanyika. Hata mbwa hufungwa siku hiyo. Na ng'ombe aliyechinjwa alikuwa wa bibi Germana, aliyemkamua kwa mikono yake miaka yote.

Nikafungua begi ambalo Damas alisafiria kwenda matangani. Kipande kilichobaki kilikuwa humo, kimeviringishwa kwenye fulana. Fundi alishamwambia mfupa wa ng'ombe mzee ndio mgumu, na Damas, aliyekulia mjini, akaona mfupa ni mfupa tu.

"Uleteni tuuzike," Matonya alisema. "Lakini niambie kweli, shemeji. Ameitika?"

"Ameitika."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi... uleteni hivyo hivyo."

Obedi akaking'oa kile kipande shingoni mwa gitaa, tukavipeleka vyote viwili Mlali, vikazikwa zizini mchana kweupe, wazee wakasema yao na katekista akasali. Damas hakugeuka hata kutazama. Niliporudi nikalichoma na lile gitaa, nikadhani nimemaliza.

Tangu siku ile aliyoitika, Damas hanisikii. Hospitali wamempima, masikio mazima. Ukimwekea chakula anakula. Ruthu akilia pembeni yake, hageuki. Nimembembeleza, nimemtukana, nimemwimbia nyimbo zake zote za kwaya. Wapi! Ila jioni, saa ambazo ng'ombe hurudishwa zizini, anageukia upande wa Mlali na kusikiliza. Halafu anaitikia, kwa adabu kabisa. "Naam, mama." "Ndiyo, mama." Mimi nimechoka, sina tumaini tena na simdanganyi mtu.

Jana alisikiliza muda mrefu kuliko siku zote. Harufu ya maziwa ikajaa chumba kizima. Kisha akatabasamu.

"Sawa, mama," alisema. "Nitakuja naye."

Nikamkamata shati, nikamtikisa kwa nguvu zangu zote. Naye nani, Damas? Naye nani?

Alikuwa anatutazama, mimi na Ruthu mgongoni kwangu, na sikuweza kujua macho yake yako kwa nani.